Walininyang'anya jina la biashara, nikajifunza kwa wanamuziki namna ya kukumbukwa

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo kama mmeniamkia, marahaba.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi za watu, sichangii. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nukta imekaa pasipo pake muirudishe wenyewe. Ila haya yamenipata mimi, siyo ya "rafiki yangu mmoja". Anayebisha aje Kerenge siku ya gulio aulize muuza sabuni ya maji anakaa upande gani.

Juzi kuna kijana alifungua uzi anauliza namna ya kujijengea brandi. Watu wakamjibu maneno makubwa makubwa, wengi wakamwambia aige wanamuziki. Nikasema hapa na mimi ninalo. Maana niliwaiga wanamuziki nikaumbuka, nikawaiga tena nikapona.

Na majina nayataja. Walionitenda hawakuona aibu kutenda, mimi nione aibu gani kutaja?

Tuanze.

Nilizaliwa Ngombezi, kwenye nyumba za wakata mkonge. Baba Mha wa Kigoma, mama Mzigua wa Handeni. Nikaolewa Chanika, pale Handeni mjini, kwa mwanaume anaitwa Athumani, fundi baiskeli. Mzuri wa sura, mzuri wa maneno. Mengine mtayaona.

Mimba zangu hazikukaa. Sitaeleza zaidi ya hapo, wanawake mlio humu mmenielewa.

Wifi yangu Mwanahamisi, dada yake Athumani, alizaa mtoto wa kike, halafu akapata mume asiyetaka mtoto wa kuja naye. Akaniletea mtoto bado ananyonya. "Wifi, nishikie kidogo." Kidogo yenyewe ikaenda mpaka mtoto akaanza shule. Ndiye Mwajuma, Mwaju wangu.

Sasa wakuu mnajua kwetu. Mwanamke akiolewa anaitwa mke wa fulani. Akipata mtoto anaitwa kwa mtoto. Jina alilokupa baba yako linabaki kwenye kadi ya kliniki.

Siku jirani aliponiita Mama Mwaju kwa mara ya kwanza nilikuwa bombani. Ndoo ikajaa, ikafurika, mimi nimesimama nacheka peke yangu kama mwehu.

Baadaye nikajifunza sabuni ya maji kwenye kikundi cha akina mama.

Wasioijua biashara hii niwaambie kitu kimoja. Sabuni ya maji wote tunatengeneza sawa. Dawa ni zile zile, rangi ni zile zile, wote tunakoroga kwenda upande mmoja bila kugeuza, wote tunaweka kwenye chupa za maji ya kunywa zilizookotwa zikaoshwa. Ukipanga yangu na ya mwenzangu mezani, hata mimi mwenyewe sizitofautishi. Kinachotofautisha ni mdomo wa mteja: "Hii nimenunua kwa nani?"

Na Chanika yote ilikuwa inasema, kwa Mama Mwaju.

Athumani akaongeza mke, Rehema. Sikatai, dini imeruhusu. Lakini wifi Mwanahamisi alikuwa kila akija anapuliza moto: mke asiyezaa amekalia mtoto wa watu na jina la watu. Maneno yakaingia. Nikapewa talaka mchana kweupe mbele ya meza yangu, na mteja amesimama ameshika dumu lake, hajui aondoke au asubiri nimjazie.

Nikabeba nguo na mwiko wangu wa kukorogea.

Mwaju alishika upindo wa khanga yangu. Mwanahamisi akamfungua vidole kimoja kimoja.

Talaka nimesamehe wakuu. Vidole sijasamehe.

(Hapo msinililie sana. Mwaju sasa ni mwanamke mzima, anajifunza cherehani Tanga, tunaongea akipata bando. Hilo limeisha salama, tuendelee.)

Meza ikabaki. Ndoo zikabaki. Rehema akakaa pale pale nilipokuwa nakaa mimi, na kwa kuwa mtoto alibaki mle ndani, watu wakaanza kumwita yeye Mama Mwaju. Simlaumu sana Rehema, naye alikuta kiti kiko wazi. Lakini sabuni alikuwa hajui, anaongeza maji.

Mteja mmoja akanipigia simu kwa hasira. "Mama Mwaju, sabuni ya juzi mbona kama maji ya mchele?"

Nikamwambia siyo mimi niliyemuuzia.

"Kwani wewe siyo Mama Mwaju?"

Nikakata simu. 

Nikarudi upande wa Korogwe kwa mama yangu mdogo, pale pale Ngombezi. Naye mjane, macho yameanza kuingia ukungu, hana mtu. Nikawa nakoroga sabuni uani kwake, siku za kawaida nauza sokoni Manundu, siku ya gulio napanda na madumu mpaka Kerenge. Gulio ndilo lilikuwa linatulisha. Kerenge ikikataa, mimi na mama mdogo tunalala na chai.

Tatizo, akina mama wa sabuni tuko kibao. Wote tunaitwa "mama sabuni".

Siku moja mteja akanisifia. "Sabuni yako inatoa povu zito. Nikimtuma mtoto wiki ijayo, nimwambie aulize kwa nani?"

 Nikashika ushungi wangu.

"Mwambie yule wa ushungi wa bluu."

"Wa bluu mbona mko wengi?"

Wiki iliyofuata nikamwona mtoto wake anapita mbele yangu na chupa ya mwenzangu. Mtoto hana kosa. Nilikuwa sina pa kushikiwa.

Hapo ndipo anapoingia Singano.

Singano ana kibanda cha kutengeneza redio na spika jirani na soko. Zamani alipiga tumba kwenye bendi ya shamba la mkonge, na mpaka leo akisimama anasimama kama anapigwa picha. Yeye Msambaa, mimi kwa mama Mzigua, kwa hiyo tuko kwenye utani, hatuheshimiani hata chembe.

Nilipeleka kispika changu kibovu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe Mzigua unauza sabuni au unauza kimya? Napita pale kila siku sijawahi kukusikia."

"Nauza sabuni, Msambaa wewe, ambayo shingo yako haijawahi kukutana nayo."

Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Halafu akanipa somo, nami nawapa kama alivyonipa.

Alisema: mwanamuziki hajaanza hata kuimba, ameshajitaja jina. Wimbo mfupi, lakini anajitaja mwanzo, anajitaja katikati, na mwisho anakumbusha. Bendi za zamani kila moja ilikuwa na mtindo wake na mtindo una jina, na sare zao ukiziona kwa mbali unajua nani anashuka kwenye gari. "Sasa wewe jina huna, sare huna, mtindo huna. Nani akukumbuke? Mkojo wa ng'ombe nao una povu."

Nikaanza kuwasikiliza wanamuziki kama mwanafunzi. Wa kwenye redio, wa kwenye simu za watu, wa kwenye magari. Kuna yule anayecheka kabla hajaimba. Kuna anayetaja mtaa aliozaliwa kila wimbo. Kuna mama wa taarabu, bendi inapiga weee, watu wanachoka kusubiri, ndipo anatokea pole pole na pochi yake kama amekuja kwa shughuli nyingine. Yaani hata kuchelewa kwake ni jina.

Nikasema sawa, na mimi ngoja niwe mtu.

Wakuu, niliharibu.

Nilijiita Malkia wa Mapovu. Nikatafuta wigi jekundu la mtumba, miwani mieusi, gauni linalong'aa. Singano akanirekodi kwenye kadi ya kispika: kwanza kicheko kirefu, halafu "Malkiaaa wa Mapovu, ndani ya Kerenge, mtapauka mpaka lini?" Inajirudia yenyewe mchana kutwa. Umri wangu huu, na jua la Kerenge mnalijua.

Watu walijaa, sikatai. Wakajaa kuangalia.

"Malkia, taji linadondoka!"

"Malkia, mfalme yuko wapi, yuko kwenye povu?"

Bibi mmoja akanisogelea akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, wahenga walisema ukiiga tembo..." akatazama wajukuu aliokuja nao, akaishia hapo. Mwisho wa methali kila mtu anaujua.

Kilichoniuma siyo kicheko. Gulio lililofuata, mwenzangu wa sabuni anaitwa Asumini alikuja na wigi lake la kijani na spika yake: "Malkia wa Mapovu Orijino." Watu wakacheka kwake vile vile. Nikaona kumbe lile jina halikuwa langu hata kidogo. Kitu ambacho mtu anakuvua gulio moja tu, hukuwa umekivaa.

Nikamrudishia Singano kispika. Nikamwambia afute yule mwehu.

Hakunicheka siku hiyo, na Singano asipocheka ujue ameona kitu. Akafungua kabati akatoa kaseti ya bendi yao, waliyojirekodia wenyewe ukumbini shambani. Sauti mbaya, inayumba. Lakini katikati ya wimbo, magitaa yanazunguka, mwimbaji anaacha kuimba anaanza kutaja watu. Fundi mitambo fulani. Karani fulani na shemeji. Mama muuza uji wa getini. Wapanga mkonge wa zamu ya asubuhi. Kila jina linapotajwa, unasikia nyuma huko watu wanapiga yowe.

"Unasikia yale mayowe?" akaniuliza. "Watu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka mashamba mengine. Sisi tulijidanganya wanakuja kutusikia sisi. Wanakuja kusikia kama leo watatajwa."

Nikaomba arudishe nyuma nisikilize tena. Akarudisha. Nikasikiliza yule mama muuza uji wa getini, jinsi alivyopiga yowe lake. Sijui ni nani, lakini furaha ya yowe lile bado ninayo masikioni.

Basi nikarudi Kerenge na ushungi wangu wa bluu. Mteja akija kununua, namuuliza, "Nikutaje nani?" Simu ninayo mkononi, naisogeza mdomoni narekodi jina hapo hapo, Singano ananiunganishia kwenye kadi. Gulio linalofuata spika inasema kwa sauti yangu ya kawaida kabisa: karibuni sabuni ya maji, anafulia Fundi Mhina wa cherehani, anafulia Mama Khalidi wa karibu na msikiti, anaoshea vyombo binti yake Mzee Kimweri...

Wakuu, sijapata kuona watu wazima wanaona haya hivyo. Mtu anapita na mzigo wa ndizi, anasikia jina lake, anasimama katikati ya njia. Anajifanya hakusikia. Anazunguka anarudi asikie tena.

Wanawake sasa ndio walionifundisha. Mwanzoni nilikuwa nataja Mama fulani, Mama fulani. Halafu siku moja, sijui kilinituma nini, nikamuuliza mama mmoja mtu mzima, "Nikutaje kwa mtoto, kwa mume, au kwa jina lako?"

Akacheka. "Langu lipi?"

"Ulilopewa."

Akatazama huku na huku kama anataka kuiba. Akaniinamia sikioni. "Mwanaisha. Lakini usiliseme kwa nguvu."

Gulio lililofuata alikuwa wa kwanza kufika, amevaa vizuri, amesimama jirani na spika kama anamsubiri mtu.

Watu wakaanza kuiita sabuni ya majina. "Nimenunua kwenye majina." Mtoto akitumwa anaambiwa, nenda kule wanakotaja. Sikuweka wigi, sikuweka kicheko. Jina langu mwenyewe sikuliweka kabisa, baada ya ule umalkia niliogopa.

Katika wateja wangu kulikuwa na Mzee Semdoe. Mkulima, Mzigua, mtu wa umri, nyumba yake iko nyuma ya gulio. Mke wake mikono ilikuwa imepasuka, maji yakiigusa inawaka moto, kwa hiyo mzee ndiye alikuwa anafua. Nguo zote, mpaka khanga za mkewe. Kwetu mwanaume kufua khanga za mke ni habari ya kijiji kizima.

Vijana walikuwa wanamtania. "Mzee Semdoe, umelishwa nini?"

"Nimelishwa ugali wa bada," anawajibu, "miaka yote. Sasa mkono uliokuwa unasonga ndio unauma. Nyie mtakula nini wenu wakiumwa?"

Nilipomuuliza nimtaje vipi, akafikiri. "Sema Semdoe anayemfulia mkewe. Hivyo hivyo. Wakicheka wacheke, na meno yao yapate hewa."

Nikarekodi. Na kwa kuwa alikuwa anakuja na ndoo yake, nikaongeza mwishoni, "karibu mzee, leta ndoo."

Ikawa ndiyo inayopendwa kuliko zote. Ikifika pale, gulio zima linaitikia "leta ndoo!"

Halafu nikashikwa na homa. Nikakosa Kerenge magulio kadhaa, nimelala kwa mama mdogo natetemeka.

Nilipopona nikabeba madumu, nikafika, nikapanga meza, nikawasha spika. Kichwa bado chepesi. Sikuuliza habari za mtu. Hilo ni kosa langu, lakini ni kosa la mtu aliyetoka kitandani.

Spika ikaanza. Fundi Mhina. Mama Khalidi. Mwanaisha.

"Mzee Semdoe anayemfulia mkewe. Karibu mzee, leta ndoo."

Hakuna aliyeitikia.

Wakawa wanasikika kuku wa muuza kuku tu. Nikaona mama mmoja ameweka mkono mdomoni. Nikajua.

Mzee alikuwa amezikwa. Matanga hayajaanuliwa.

Kwetu, mtu akifa, mpaka tanga lianuliwe jina lake halipigwi kelele hadharani. Anaitwa marehemu, kwa sauti ya chini. Na mimi nimemwita sokoni kwa spika, nimemwambia alete ndoo, jirani na nyumba ambamo mjane wake amekaa eda.

Nilikimbilia kuzima, kitufe nakitafuta sikipati. Ikazunguka ikaanza tena. Mdogo wake marehemu, anaitwa Bakari, akatokea akapiga teke meza. Madumu yakamwagika, sabuni ikatembea katikati ya gulio mpaka kwenye nyanya za watu.

"Unamwita maiti afanye nini? Wewe mwanamke umetumwa na nani?"

Nikamwambia kaka yangu sikujua, nilikuwa naumwa.

Asumini akadakia, na ndiyo maana namtaja, "Mimi nilisema siku nyingi, yale majina anayakusanyia nini? Mtu mwema anakusanya majina ya watu?"

Wakuu, kule kwetu neno kama hilo halihitaji kumaliziwa. Nikaona wateja wangu mmoja mmoja wanarudi nyuma. Walionipa majina yao wakiinamia sikioni, sasa wananitazama kama nimewashikia kitu chao. Bakari akasema nisikanyage tena Kerenge.

Niliondoka na kispika kwapani. Nikafika kwa Singano nikamsimulia yote.

Nilikuwa najiambia, hili ni jina la pili. La kwanza walinivua Chanika, la pili wamenivua Kerenge, la tatu nitalitoa wapi?

Singano akanisikiliza. Akafunga kibanda mchana huo huo. "Twende tukahani."

"Wataniua."

"Wewe wataweza. Mimi mtani, mtani msibani hafukuzwi. Nitaingia mbele, wewe nifuate na mdomo umefungwa."

Alisema kweli. Asiyejua utani wa kwetu ataona ni wendawazimu. Tulifika, watu wamekaa kwenye mikeka, Bakari mlangoni amekunja uso. Singano akaanza kulia kutoka barabarani. Kilio cha uongo, kikubwa, cha bendi.

"Semdoeee! Mmemzika bila ruhusa yangu! Nani kawaambia Mzigua anakufa bila kumuaga Msambaa? Mtoeni!"

Wazee wakainamisha vichwa kuficha meno. Bakari akafungua mdomo, mzee mmoja akamshika mkono: mtani huyo, muache.

Singano akavuta beseni lililokuwa uani, akakaa kitako, akachukua kitambaa akaanza kufua hewa. Anasugua, anashika kiuno, anageuka kwenye dirisha la chumbani analalamika kwa sauti ya mzee, "Mke wangu, hii khanga umeipigia deki? Mbona uchafu hautoki? Nitatoka mimi ubaki wenyewe!"

Wanawake wakaanza kupasuka. Mmoja, mwingine. Halafu kutoka ndani, nyuma ya pazia, tukasikia kicheko kingine, chembamba, kimechanganyika na kwikwi.

Uani pote wakageuka kutazama pazia. Mjane anacheka.

Kikatoka kibinti kikasema bibi anamuita yule mama wa sabuni.

Niliingia. Bi Zainabu, mjane mwenyewe, amekaa mkekani, mwembamba, mikono yake ameilaza magotini viganja juu, imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nikapiga magoti. Nikasema shikamoo bibi, nisamehe, nilikuwa naumwa, sikujua.

"Ni wewe unayewataja watu?"

"Ni mimi bibi."

"Nilikusikia. Dirisha hili linatazama gulio." Akageukia dirisha. "Tangu wamzike, humu ndani wanasema marehemu. Marehemu alisema, nguo za marehemu, kitanda cha marehemu. Nikawa najiuliza huyo marehemu ni nani, mbona mimi sikuolewa na mtu wa jina hilo. Halafu leo nikasikia Semdoe. Nikasikia anayemfulia mkewe. Nikajua wanamsema mume wangu."

Mama aliyekaa pembeni yake akasema, "Dada, siyo vizuri."

"Najua siyo vizuri," Bi Zainabu akamjibu. Akanigeukia. "Rudia."

Spika sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingewasha. Nikasema kwa mdomo, taratibu, kama ninavyosema mimi mezani. Mzee Semdoe anayemfulia mkewe. Karibu mzee, leta ndoo.

Akafumba macho. Hakulia. Midomo yake ikasema neno la mwisho pamoja na mimi.



Halafu akaniuliza, "Na wewe unaitwa nani? Nimesikia majina ya Kerenge yote kutoka dirishani, lako sijalisikia."

Nilitaka kusema mama sabuni. Nilitaka kusema zamani nilikuwa Mama Mwaju. 

"Mwantumu," nikasema.

Wakuu, sikumbuki mara ya mwisho nililisema lini. Lilitoka kama la mtu mwingine.

"Mwantumu," akarudia yeye, kama anaonja chumvi. Akapaza sauti kule nje, mjane wa eda, watu wote wakasikia. "Bakari! Huyu anaitwa Mwantumu. Meza yake ikae pale pale dirishani kwangu. Nikiamka siku ya gulio nisipomsikia, nitakuuliza wewe."

Bakari hakuniomba radhi mpaka leo, na nadhani hataomba. Lakini gulio lililofuata nilipanga meza yangu pale pale na hakunigusa mtu. Jina la mzee nililitoa kwenye spika mpaka tanga lilipoanuliwa, kwa heshima ya wazee. Siku ilipoanuliwa Bi Zainabu alimtuma mtu aniambie nimrudishe. Nikamrudisha, na gulio likaitikia.

Mwanaisha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita sokoni kwa nguvu, mtu mzima yule aliyeninong'oneza la kwake. "Mwantumu weee, nijazie!" Sasa mtoto akitumwa anaambiwa, nenda kwa Mwantumu. Dumu la mwenzangu likikaa na langu, bado hayatofautiani. Lakini wanauliza.

Kwa kijana aliyeuliza habari za brandi. Mdogo wangu, wanamuziki ni walimu wazuri, lakini wengi mnaangalia miwani na nywele. Hivyo vinanunuliwa mtumba, na Asumini wako naye atavinunua. Angalia anachofanya kwa wale waliosimama mbele yake. Wataje wao kwanza, uwataje vizuri, na ukikosea nenda nyumbani kwao ukaseme umekosea. Siku moja mmoja wao atakuuliza wewe ni nani. Uwe na jibu, na liwe lako, siyo la mume, siyo la kuazima.

Athumani na Mwanahamisi, mkipita humu, nawasalimu. Kaeni na Mama Mwaju wenu.

Wakuu, na wanawake hasa mliojaa humu kwa majina ya ajabu ajabu, niulize na mimi kama ninavyouliza mezani. Nikutaje nani? Kwa mtoto, kwa mume, au jina lako? Andikeni hapo chini. Usiku wa leo mama mdogo ameniomba nimsomee, macho yake hayaoni simu, na anapenda kusikia majina ya watu.